Mgonjwa Asiyeumwa

Marekani ni nchi ya bei zilizoandikwa. Ndizi zina bei yake kwa ratili. Petroli wanaiandika hadi sehemu tisa za kumi za senti, na ubao wake unasomeka kutoka barabara kuu hata usiku wa theluji. Ukienda kunyoa, bei zimebandikwa ukutani: mtu mzima, mtoto, mzee, ndevu. Hapa Columbus, jimbo la Ohio, kuna mahali wanaosha mbwa, na nje kuna ubao wa bei kulingana na ukubwa wa mbwa. Sasa muulize mtu yeyote katika nchi hii: kipimo cha afya cha uhamiaji, kile cha kuombea grinkadi, ni bei gani? Utajibiwa kwa adabu na kwa sauti tamu: inategemea.

Inategemea nini? Inategemea kliniki. Inategemea umri wako. Inategemea chanjo ulizonazo na ulizozipoteza. Inategemea mwezi gani umeamua kwenda, na hilo msidhani ni mzaha, nitalifikia. Inategemea pia bima yako, ingawa bima yenyewe hailipi. Nilipouliza kwa nini hailipi, nilielezwa kwamba bima ni ya ugonjwa, na mimi siumwi. Hoja imenyooka kabisa. Sina la kuijibu, isipokuwa kwamba nikiumwa wataniambia nina ugonjwa ambao hauko kwenye bima.

Fomu yenyewe inaitwa I-693. USCIS, wale wa uraia na uhamiaji, wameiweka mtandaoni bure, na kuipokea hawatozi hata senti. Hapo ndipo ubure unapokwisha. Fomu hiyo hajazi daktari yeyote tu, hata kama ndiye aliyemzalisha mama yako. Lazima awe daktari aliyeteuliwa na hao hao USCIS, mwenye leseni, aliyefanya kazi si chini ya miaka minne. Wanamteua, kisha CDC, wale wa kudhibiti magonjwa, wanampa maelekezo marefu: damu gani ichukuliwe, ya nani, kwa umri upi, na karatasi ifungwe vipi. Kila kitu kimeandikwa. Kimoja tu hakikuandikwa: atoze kiasi gani. Hilo ni baina yake na Mola wake.

Tulinganishe na I-485, ombi lenyewe la ukaazi. Ada yake ni dola 1,440 tangu Aprili 2024. Nilipoiona mara ya kwanza nilivuta kiti nikakaa. Lakini angalau ni namba. Mtu unaweza kuichukia vizuri, ukaizidisha kwa mbili kwa sababu una mke, ukapiga hesabu za mikopo na marafiki. Kipimo cha afya hakikupi hata hadhi ya kujua unachokichukia.

Nikaanza kupiga simu. Kliniki ya kwanza akapokea binti mwenye sauti ya mtangazaji, akanitajia dola 220. Nikamshukuru, nikataka kukata kabla hajabadili mawazo.

“Hiyo ni kumwona daktari tu, bwana.”

“Na damu?”

“Damu ni mbali.”

“Chanjo?”

“Mbali.”

“Kuijaza fomu?”

Akaenda kuuliza. Aliporudi, fomu nayo ilikuwa mbali. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kumwona daktari bila damu, bila chanjo, bila fomu, ni kumwona kwa ajili gani? Nikamsalimie?

Kliniki ya pili ilikuwa 450, “kila kitu ndani.” Kila kitu, isipokuwa chanjo. Na isipokuwa eksirei, kama itahitajika. Itahitajika lini? Inategemea. Ya tatu walinitajia bei nafuu lakini wanataka fedha taslimu na nafasi ilikuwa mwezi wa pili kutoka hapo. Ya nne ilinipigia muziki hadi nikaanza kuupenda.

Sasa niseme mimi, mtu wa Tanga niliyefundwa biashara Kariakoo, nilivyoumia. Kariakoo nako bei haikuandikwa. Lakini Kariakoo kuna mkataba: muuzaji anataja elfu sitini, wewe unacheka kwa uchungu, unaanza kuondoka taratibu, mguu mmoja mmoja, hadi unaposikia nyuma yako, “Mteja! Rudi basi, una ngapi?” Bei isiyoandikwa ina maana moja tu duniani, kwamba tunapatana. Hapa wamechukua nusu ya kwanza ya Kariakoo, ile ya kutoandika bei, wakaiacha nusu ya pili baharini. Mimi nilijaribu. Nilimwambia dada wa kliniki ya pili, “Dada yangu, nina mia mbili na hamsini hapa, tumalize.” Ukapita ukimya. Kisha akaniuliza kwa upole kama ninahitaji mkalimani.

Nieleze kidogo jinsi nilivyofika hapa. Mke wangu ni muuguzi. Ndiye ambaye hospitali imemwombea ukaazi; mimi nimo kwenye faili lake kama mtegemezi. Nina mvi, nina mkopo wa gari kwa jina langu, na karatasi za serikali zinasema mtegemezi. Watoto wetu walizaliwa hapa hapa Ohio, wao hawapimwi chochote, wanatutazama tu sisi wageni wao tukihangaika.

Kwa mke wangu jambo lilikuwa jepesi. Muuguzi wa Marekani haruhusiwi kumgusa mgonjwa kabla hajachomwa kila sindano iliyowahi kutengenezwa, kwa hiyo anayo karatasi moja, safi, yenye tarehe: surua, matumbwitumbwi na rubela mara mbili, homa ya ini B mara tatu, tetekuwanga, pepopunda, mafua kila mwaka. Aliiweka mezani kimya kimya, mbele yangu. Kisha akaniuliza, “Baba watoto, ya kwako iko wapi?”

Ya kwangu iko Tanga. Au ilikuwa. Nikampigia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Unaumwa?”

“Siumwi, mama. Naenda kwa daktari.”

“Huumwi, unaenda kwa daktari.”

“Wanataka kuhakikisha kwamba siumwi.”

“Na utalipa?”

“Nitalipa, mama.”

Akanyamaza kidogo. “Si ungenitumia mimi hizo pesa, nikakuthibitishia?”

Kadi yangu ya kliniki, akanieleza, ilikuwa kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo cha jirani aliyekiweka amana, na lote lilikwenda na mvua za El Niño za 1998. Lakini historia anayo kichwani. Surua niliugua, macho yakavimba, nikalala chumba cha giza. Tetekuwanga nililetewa na binamu aliyekuja likizo kutoka Muheza. Matumbwitumbwi nilipakwa masizi ya chungu nikapona. “Nani huko anasema mwanangu hakuchanjwa?” Nikamwambia hakuna aliyesema, wanataka tu karatasi. “Basi waambie wanipigie.”

Sikuwapa namba yake, ingawa nilishawishika. Lakini tusimcheke mama. Kwa tetekuwanga, maelekezo yanamruhusu daktari kupokea historia ya kuugua kama ataiona ni ya kuaminika. Kwa hiyo yule binamu wa Muheza, niliyemlaani mwaka mzima kwa vipele vile, ameniokolea sindano moja na bei yake. Nimemsamehe rasmi.

Kwa baadhi ya zilizobaki, njia ni mbili, na zote mbili zina mtu anayesubiri hela mwishoni. Ya kwanza, damu yako ipimwe kingamwili: kama mwili unaikumbuka surua, huchomwi. Ya pili, uchomwe tu. Ukichagua ya kwanza na mwili ukawa msahaulifu, umelipa kipimo na sindano bado inakungoja. Kwenye kliniki moja sindano ya surua na wenzake peke yake walinitajia bei ambayo nyumbani ningenunulia mbuzi, na mbuzi angekuja na kamba yake.

Hapo ndipo mke wangu alipoingilia, kwa ule utulivu wa wauguzi unaokufanya ujisikie mjinga bila wao kusema neno. Bima, alisema, hailipii kipimo cha uhamiaji. Lakini chanjo si kipimo cha uhamiaji. Chanjo ni chanjo. Sheria ya afya ya 2010, ile ya wakati wa Obama, inazitaka bima nyingi zilipie chanjo zinazopendekezwa kwa watu wa umri wako bila kukutoza, mradi uende kwa mtoa huduma aliyeko kwenye orodha yao. Kwa hiyo mtu anakwenda duka la dawa, anachomwa kama raia mwingine yeyote, anapewa karatasi, kisha anaibeba karatasi kwa daktari wa uhamiaji, ambaye kazi yake inabaki kuinakili. Daktari yule yule, akikuchoma mwenyewe, unalipa mfukoni. Sindano ile ile, bega lile lile.

Nikaenda duka la dawa. Nilichomwa katikati ya rafu ya shampuu na rafu ya bisi, nyuma ya pazia, na mfamasia ambaye kwa umri angeweza kunipa shikamoo. Bega la kushoto pepopunda, dondakoo na kifaduro kwa pamoja. La kulia surua na wenzake. Bili: sifuri. Nilimwomba airudie kuisoma. Wasio na bima nao wasikate tamaa. Idara za afya za kaunti mara nyingi huchanja kwa bei ndogo, na huko hawakuulizi mbuzi.

Sasa lile la mwezi. Chanjo ya mafua inadaiwa tu katika msimu wake, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi. Ukipimwa Aprili, hawakuulizi. Ile ya UVIKO-19, iliyotutoa jasho tangu 2021, iliondolewa kwenye orodha 22 Januari 2025. Kwa hiyo mtu mwenye subira na kalenda anaweza kujipunguzia sindano. Shida ni kwamba subira nayo imewekewa sheria. Zamani mtu aliweza kutuma I-485 yake kwanza, akasubiri kuulizwa ndipo apimwe. Tangu 2 Desemba 2024 vinakwenda pamoja, na ukiituma bila kipimo wanaweza kukurudishia furushi lako lote. Na tangu Juni 2025 kipimo kimefungamana na ombi lililokwenda nacho: ombi likikataliwa au ukiliondoa, kipimo kinakufa nalo, na kwa ombi jipya unapimwa upya. Afya yako haijabadilika. Kilichobadilika ni bahasha.

Jirani yetu ni Mkongo wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani kama mkimbizi. Jioni moja nilimkuta uani anachoma nyama, nikamwaga malalamiko yangu yote, kliniki moja baada ya nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza nyama.

“Ndugu yangu,” akasema, “siye balitupima kule kambini, hatukulipa kitu. Hapa balinidunga masindano tu, bakajaza karatasi. Njo mwisho.”

Na ni kweli. Mkimbizi hupimwa kabla ya safari kwa gharama ya serikali ya Marekani. Akishatimiza mwaka hapa na kuomba grinkadi, kama hakuja na maradhi ya kumzuia, anahitaji sehemu ya chanjo tu, na idara ya afya ya eneo lake inaweza kumjazia. Niliona wivu. Naandika hivyo nikijua ni jambo la aibu, kumwonea wivu mtu aliyekimbia vita kwa sababu ya bili ya kliniki. Pengine aliuona usoni mwangu, maana alinikatia kipande kikubwa, akaongeza: “Lakini tiketi ya ndege, papa, ile bado banaidai kila mwezi.” Tiketi za wakimbizi ni mkopo, bila riba, unaopitia IOM, shirika la kimataifa la uhamaji, na unalipwa kidogo kidogo ukishafika. Tukala nyama tukiwa sawa.

Mdogo wangu naye, aliyekwenda Uingereza kusoma, alipimwa Dar es Salaam: eksirei ya kifua, cheti cha kifua kikuu cha miezi sita, bei moja inayojulikana, kwisha. Hakuulizwa kuhusu tetekuwanga wala binamu wa Muheza. Nilipompigia kumlalamikia alisema Waingereza watamtoza mahali pengine, na kweli wakamtoza, lakini hiyo ni safu ya siku nyingine.

Hatimaye tulichagua kliniki. Dola 340 kila mmoja, “pamoja na damu.” Naomba mlikumbuke hilo neno damu.

Chumba cha kusubiri kilijaa dunia nzima: Wasomali, Wanepali, mama wa Kimeksiko na binti zake, mzee wa Kihindi aliyebeba faili nene kuliko langu. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Sijawahi kukaa kliniki iliyojaa watu wazima wenye afya hivi, wote wakiwa na nyuso za wagonjwa. Muda ulivyokuwa mrefu nikaanza kusoma kwenye simu habari za waliotutangulia, wale wa kisiwa cha Ellis, bandarini New York.

Kituo kile kilifunguliwa 1 Januari 1892. Wasafiri wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa humo humo melini, haraka haraka, wakashuka zao mjini. Wa daraja la chini ndio waliopelekwa kisiwani, wakapandishwa ngazi na mizigo yao huku madaktari wakitazama nani anatweta na nani anachechemea. Aliyetiliwa shaka alichorwa herufi kwa chaki kwenye koti: E kwa macho, H kwa moyo, L kwa miguu, X kwa akili. Kope waliwapindua kwa kichuma cha kufungia vifungo vya viatu, wakitafuta trakoma. Mambo ya kutisha, na sitamani hata kidogo kuchorwa chaki.

Lakini nikafika kwenye habari ya gharama, nikakaa wima. Sheria ya 1891 iliwabebesha wenye meli mzigo wa kumrudisha kwao, kwa gharama zao, abiria aliyekataliwa. Ya 1903 ikaongeza faini ya dola 100 kwa kila abiria aliyeletwa na ugonjwa ambao ungeweza kugunduliwa alikopandia. Dola 100 za 1903! Kwa hiyo wenye meli nao wakawa na sababu nzuri ya kuwakagua abiria wao kabla ya kung'oa nanga. Aliyekuwa na wasiwasi wa pesa wakati ule alikuwa tajiri mwenye meli. Nikatazama kile chumba, yule mama na binti zake, yule mzee na faili lake, na mimi, na nikaona kilichotupungukia: hatuna mwenye meli.

Nikaitwa.

Daktari alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Akatazama pasipoti, akanitazama, akaridhika kuwa tunafanana. Akanisikiliza mapafu, akanibonyeza tumbo, akanigonga goti, nalo likaruka kwa uzalendo. Akaliona kovu la bega langu la kulia.

“BCG?”

“BCG.”

Kovu lile lilikuwa balaa kwa wenzetu wa zamani. Walipimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozi, na ngozi ya mtu aliyechanjwa BCG inaweza kuvimba hata kama hana ugonjwa. Ikishavimba, twende eksirei, na eksirei ni mbali. Tangu 2018 wanatumia kipimo cha damu, IGRA, ambacho hakidanganyiki na BCG. Kikiwa hasi, hakuna eksirei. Mara moja katika habari hii yote sayansi ilisimama upande wa mfuko wangu, na natoa shukrani. Virusi vya UKIMWI navyo havipimwi tena kwa ajili hii. Marufuku iliyodumu tangu 1987 iliondolewa 4 Januari 2010.

Kisha yakaja maswali. Pombe? Kidogo, harusini. Umewahi kulazwa kwa maradhi ya akili? Hapana, ingawa nimepiga simu kliniki nyingi hivi karibuni. Bangi? Nikasema hapana, tena kwa haraka, na wakati nasema, dirishani kwa daktari naona ng'ambo ya barabara duka la bangi lenye leseni, lina ua zuri na maegesho ya bure. Ohio wamehalalisha. Serikali ya shirikisho, kwa wanaoomba ukaazi, haijahalalisha. Mgeni anaweza kuharibikiwa kwa kitu ambacho jirani yake anakinunua kwa risiti. Naomba niongeze kwamba bei za lile duka zimeandikwa mlangoni.

Nikasubiri sehemu niliyokuwa nikiiogopa, ya magonjwa ya zinaa. Haikuja. Nikauliza. Daktari akaeleza bila kuinua kichwa: kaswende hupimwa wenye miaka 18 hadi 44, na kisonono wenye miaka 18 hadi 24, isipokuwa daktari akiwa na sababu ya kushuku. Mimi nina 47. Akanitazama mara moja tu, kutafuta sababu ya kushuku, akarudi kwenye karatasi zake.

Sijui kama nishukuru au niape. Serikali ya Marekani, kwa maandishi, imekata shauri kwamba hatari yangu imekwisha.

Mke wangu ana miaka 41. Yeye alipimwa. Alitoka chumbani ameshikilia pamba kwenye kiwiko, akakaa karibu yangu, akaniuliza mimi nimechukuliwa chupa ngapi. Nikamwambia moja, ya kifua kikuu. Akataka kujua kwa nini yeye mbili. Nikamweleza habari ya umri. Alifikiri kwa muda.

“Kwa hiyo mimi, ninayefanya kazi usiku na kulala mchana, ndiye nimepimwa kaswende. Wewe unayekwenda kuangalia mpira kwa rafiki zako hadi saa saba za usiku, hawakupimi.”

“Ni maelekezo ya CDC, mke wangu.”

“CDC hawakujui.”

Majibu yalipotoka tukarudi kuchukua bahasha. Ilifungwa kwa gundi, juu ya mfuniko ikatiwa saini, na maonyo kwamba isifunguliwe na mtu yeyote ila USCIS. Mtu yeyote maana yake mimi. Nakala yangu walinipa, sitaki kuwasingizia, lakini ile asili, yenye habari zangu za ndani niliyolipia mwenyewe, naibeba kwa vidole viwili nikiogopa ikunjamane.

Tukatuma. Tukashukuru Mungu. Wiki chache baadaye ikaja barua kutoka maabara: mimi dola 187, mke wangu zaidi, kwa ajili ya ile kaswende. Nikapiga simu kliniki na risiti mkononi. Si mlisema pamoja na damu? Ndiyo, bwana, pamoja na damu. Dola 340 zilikuwa za kuichukua. Kuipima ni maabara, na maabara ni watu wengine.

Niliweka simu chini nikaanza kuzunguka sebule nikitoa hotuba. Mke wangu akaniacha nifike mwisho, akaichukua ile barua, akapiga namba ya chini kabisa, yenye maandishi madogo. Akaongea na mtu wa bili kwa dakika chache, kwa ile sauti yake ya wodini. Nikasikia: tunalipa wenyewe, bima haihusiki, mna bei gani kwa anayelipa leo hii? Kimya. “Hapana, hiyo bado ni kubwa.” Kimya. “Ngoja kwanza nishauriane na mume wangu.” Akaniangalia, hakuniuliza chochote, akahesabu moyoni, ninavyojua mimi, hadi tano. “Sawa. Na ya kwake vile vile.”

Ya 187 ikawa 70.

Nilibaki nimesimama. Kumbe wanapatana! Wanapatana baada ya kununua, ukishaondoka dukani na bidhaa, ukishafika nyumbani ukaivaa. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Nikaanza kukusanya karatasi zote kwenye droo, bili ya daktari wa meno ya mtoto, ya gari la wagonjwa la mwaka juzi, ya umeme. Nikamuuliza mke wangu, kwa uzito wote, kama na zile dola 1,440 za USCIS hawezi kuwapigia, aone kama wana bei ya anayelipa leo.

Akaniambia nikaegeshe gari vizuri, nimemzibia jirani Mkongo njia.